Cherehani ya Bibi na Risiti Yake

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, chini ya mwembe wa shule. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuja.)

Karibuni tukae. Wazee wachukue viti, sisi wengine mikeka inatutosha.

Leo sikuja na kitabu. Nimekuja na swali. Nyumbani kwako kuna kitu gani chenye umri mkubwa kuliko mtoto wako wa kwanza? Sisemi shamba wala mnazi. Nasema kitu cha ndani ya nyumba, kitu unachokishika kwa mkono kila siku.

Mama mmoja hapa mbele amesema kinu. Mwingine anasema pasi ya mkaa, ile yenye jogoo kwenye kifuniko. Mzee pale nyuma anasema baiskeli. Vizuri sana. Kumbe nyumba zetu zina wazee wengi ambao hawamo katika daftari la kijiji!

Tuanze na kinu. Kinu cha mti mgumu hakiozi upesi, lakini hupasuka. Kwa nini? Mti una maji ndani yake, hata ukiuona mkavu. Ukiosha kinu ukakiacha juani, upande wa nje hukauka haraka na kusinyaa. Ndani bado kuna unyevu. Nje inajikaza na ndani haijafuata, basi mti unapasuka. Kwa hiyo yule bibi anayekuambia, "Kiinamishe kinu kivulini," hakuambii mwiko tu. Anajua kazi.

Na pasi je? Adui wa pasi ni majivu. Mtu anamaliza kupiga pasi, anaifunga na majivu yake ndani, anaiweka juu ya kabati mpaka sikukuu nyingine. Majivu hunyonya unyevu wa hewa. Unyevu ule unalala juu ya chuma. Chuma kikipata maji na hewa pamoja, kutu inaanza. Mwaga majivu wakati pasi ina joto kidogo, ipanguse kwa kitambaa kikavu, basi. Jogoo wako ataona wajukuu.

Baiskeli tutaizungumza siku nyingine, maana nikianza na mnyororo tutalala hapa. Nataka tukae zaidi kwenye cherehani. Cherehani ya bibi yangu ndiyo iliyonileta kuzungumza nanyi leo.

Bibi yangu, mzaa mama, anakaa Muheza. Huko kwetu ni kwa machungwa. Kuanzia mwaka 1972 alikuwa akiuza machungwa yake barabarani na kuweka pesa katika kopo la maziwa. Kopo alilificha ndani ya mtungi wa mahindi. Misimu mitatu alifanya hivyo. Mwaka 1974 akanunua cherehani ya Singer, ile ya kukanyaga kwa miguu.

Babu alikwenda naye mjini, kwa sababu mashine ile ni nzito na miguu yake ni ya chuma. Walifika katika duka moja. Bibi akahesabu pesa mezani. Karani wa duka akachukua kitabu cha risiti, akamtazama babu, akauliza, "Jina?" Babu akataja jina lake. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Aliulizwa, akajibu. Bibi akapewa karatasi, akaikunja, akaifunga katika pindo la kanga. Walipofika nyumbani akaiweka ndani ya sanduku la bati, chini kabisa.

Basi mashine ile ikafanya kazi. Ilishona magauni ya watoto, sare za shule, mashuka, kanzu za Idi. Mnajua cherehani inadumu vipi? Bibi hakuwahi kusoma kitabu cha mashine, lakini alikuwa na taratibu zake. Ardhi ya nyumba ilikuwa ya udongo, na udongo una unyevu. Kwa hiyo aliweka vipande vinne vya ubao chini ya miguu ya chuma. Kila jioni aliifunika kwa kanga kuukuu. Kila baada ya siku chache alifungua lile bamba lililo chini ya sindano, akatoa vumbi la nyuzi kwa unyoya wa kuku. Vumbi lile likikaa hunywa mafuta yote, na meno yanayosukuma kitambaa hushindwa kazi. Mkanda wa ngozi ukilegea, aliupunguza kidogo akauunga tena.

Na mafuta! Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mafuta ya cherehani ni yale mepesi, meupe, ya dukani. Usitie mafuta ya kula. Mafuta ya kula yakikaa katika chuma huganda yakawa kama ulimbo. Siku ya kwanza mashine inakwenda vizuri, nawe unajisifu umeokoa pesa. Baada ya miezi gurudumu halizunguki. Nimeona mashine nzuri kadhaa zikiitwa mbovu, kumbe zimelishwa mafuta ya alizeti.

Jambo jingine. Kila Singer ya zamani ina namba yake, imepigwa kwenye chuma, upande wa kulia karibu na gurudumu. Tangu mwaka 1900 namba nyingi zina herufi mbele yake. Namba ile inaeleza mashine ilitengenezwa wapi na mwaka gani. Ya bibi ilitoka Clydebank, katika nchi ya Scotland. Kiwanda cha huko kilianza kazi katika miaka ya 1880 na kilifungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, mashine bado inashona.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 1996 babu alifariki. Mimi nilikuwa na umri wa miaka saba. Arobaini ilipokwisha, wakaja ndugu zake babu, mashemeji zake bibi. Walikuwa watu wa heshima, walivua viatu mlangoni. Wakakaa mkekani, wakaanza kuhesabu vitu vya marehemu. Baiskeli. Redio. Majembe matatu. Cherehani.

Bibi akasema, "Shemeji, cherehani ni yangu. Nilinunua kwa machungwa yangu. Karatasi ninayo."

Akainuka, akafungua sanduku la bati, akatoa ile risiti. Ilikuwa imekuwa ya njano, mikunjo inataka kukatika. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Akampa mjomba wangu aisome mbele ya watu wote. Mjomba akaisoma kwanza kimya. Kisha akamtazama mama yake. Kisha akaisoma kwa sauti. Mashine moja ya kushonea. Bei yake. Imelipwa. Na jina la mnunuzi: jina la babu.

Mpaka leo nakumbuka vile chumba kilivyokuwa kimya. Nilimsikia kuku akiparura nje.

Ndugu zangu, bibi hakuwa mtu asiyejua herufi. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na yeye aliingia darasani, akasoma mpaka hatua ya pili. Aliweza kusoma maneno ya kitabu, herufi kubwa za kupigwa chapa. Lakini risiti iliandikwa kwa mkono, mwandiko wa kulala na kuunganisha, tena ilikuwa nakala ya kaboni. Hakuweza kuusoma, na aliona haya kumwomba mtu amsomee. Miaka 22 alitunza karatasi iliyokuwa ikisema kitu asichokijua.

Mashine ilichukuliwa siku ile ile. Majirani walijua habari ya machungwa, wengine walimwona akihesabu pesa. Hakuna aliyeulizwa, na hakuna aliyesema. Iliwekwa katika banda, na nyumba ile haikuwa na mtu wa kushona. Kuku wakalala juu yake. Miaka saba! Mwaka 2003 tukasikia inataka kuuzwa chuma chakavu. Bibi akauza mbuzi wake wawili, akaenda kuilipia. Kitu chake mwenyewe alikinunua mara mbili.

Ilirudi nyekundu kwa kutu, gurudumu limekwama. Bibi akatia mafuta ya taa kila mahali chuma kinapokutana na chuma, akaiacha usiku. Kesho yake akatia tena. Hakulazimisha gurudumu. Siku ya nne likasogea upana wa kidole. Baada ya wiki likazunguka. Akapangusa mafuta ya taa yote, kwa sababu hayo husafisha tu, hayalainishi, halafu akatia mafuta ya cherehani. Sare yangu ya sekondari ilishonwa na mashine ile.

Nilipokuwa chuo cha ualimu ndipo nilipojua sheria inasemaje, nikasikitika sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwapo siku zote hizo. Kifungu cha 56 kinasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuwa nayo na kuiuza. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mume au la mke itahesabiwa kuwa ni ya huyo mwenye jina, mpaka itolewe hoja ya kuonyesha kuwa sivyo. Mmesikia? Mpaka itolewe hoja. Maana yake jina katika karatasi lina nguvu, lakini halimalizi maneno. Bibi angeweza kuleta mashahidi. Tena, mwenye madaraka ya kugawa mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na kwetu vijijini mara nyingi ni Mahakama ya Mwanzo. Siyo shemeji aliyewahi kufika.

Nawaona kina baba mmeanza kununa. Msinune! Baba naye ana baiskeli yake, na kaka zake wanaijua vizuri.

Basi tufanye nini? Ukinunua kitu, taja jina lako mwenyewe kwa sauti. Mwambie mwenye duka aandike kwa herufi kubwa. Isome risiti pale pale, kabla hujaondoka mlangoni. Kama huwezi kuusoma mwandiko, sema huwezi. Hiyo si aibu, hata mimi kuna miandiko ya madaktari inayonishinda. Na risiti za siku hizi zinazotoka katika mashine ndogo hufifia, hasa zikikaa mahali pa joto. Baada ya miaka michache unabaki na karatasi nyeupe. Toa kopi mapema, na uandike habari zake katika daftari.

Daftari hilo ndilo kazi ya leo. Kwa kila kitu andika jina lake, namba yake kama ipo, mwaka kilipopatikana, nani alikinunua na kwa pesa gani, na nani alikuwapo. Vitu vya zamani visivyo na risiti viandikeni hivyo hivyo. Mume na mke waandike pamoja, wote watie sahihi, na jirani mmoja au wawili watie sahihi. Daftari si hukumu ya mahakama. Lakini siku ya ubishi, ni bora kuliko kimya cha majirani.

Mwaka jana nilimpelekea bibi daftari. Sasa anakaribia miaka 80 na macho yamepungua, lakini alikataa nimwandikie. Nikamwambia, "Bibi, anza na cherehani." Akasema hapana. Akaandika taratibu, herufi moja moja, kubwa kama zile za kitabu chake cha kisomo: MBUZI YA NAZI.

Nikamuuliza kwa nini mbuzi, kitu cha bei ndogo vile. Akasema mbuzi ile alipewa na mama yake siku alipoolewa, na meno yake yamenolewa mara nyingi mpaka yamekuwa mafupi. "Cherehani mtaigombania," akaniambia, "kwa hiyo haitapotea. Hii hakuna atakayeigombania, wataitia jikoni."

Kisha akageuza ukurasa, akaandika cherehani, na namba yake yote bila kwenda kuitazama.

Haya, toeni kalamu. Aliyesema kinu, wewe ndiye wa kwanza. Mwaka gani?