Shika Redio Mbele Yako

Msikilizaji, kama unanisikia kwa kiredio kidogo au kwa simu, ishike, nyoosha mkono mbele usawa wa bega. Usishushe mpaka nikuambie.

Tuko Rujewa, bonde la Usangu, msimu wa kupandikiza mpunga. Majarubani kuna mstari wa vibarua, wengi akina mama, matope yamewameza miguu. Mkono wa kulia unachomoa mche, unauchomeka, unarudia mwingine. Wa kushoto umeshika fungu la miche, basi. Mpita njia ataupa pole ule wa kulia.

Hajui. Msuli wa kulia unakaza na kulegea, na kila ukilegea damu inapita. Wa kushoto umekaza tu, na msuli uliokaza huibana mishipa yake wenyewe, damu ikapungua. Ndiyo hali ya bega lako sasa hivi.

Mkono umeanza kutetemeka? Nyuzi za msuli zimegawanyika makundi, kila kundi na neva yake. Kazi ikianza, ubongo huita makundi machache madogo. Hayo yakichoka, unayaita makubwa, ambayo nguvu yake huja kwa vishindo. Ndiko kutetemeka huko. Neva nyingine nazo zinapeleka habari ubongoni kwamba mambo yameharibika, na ubongo unapunguza amri. Mkono hushuka wakati msuli bado una akiba.

Na ubongo wenyewe nao huchoka. Mwitalia Angelo Mosso wa Turin, aliyetoa kitabu kizima juu ya uchovu mwaka 1891, alimfunga mtu uzito kidoleni, mtu huyo akawa anauinua mpaka kidole kikatae. Mwalimu mwenzake alipotoka kuwatahini wanafunzi kwa mdomo, kidole chake kilikataa mapema kuliko kawaida. Wakati wa kutahini, kidole hicho hakikuwa kimebeba hata kalamu. Kichwa ndicho kilichochoka.

Sasa mtu yuko jarubani tangu alfajiri, jua la Usangu liko utosini, ananyoosha kiuno kidogo tu, na msimamizi kutoka kwenye tuta anafoka: "Unategea!" Kufoka huko ni hasara. Sekunde chache za kunyooka na kuulegeza mkono zinairudisha damu, na kibarua anayelipwa kwa ekari hana sababu ya kutegea hata kidogo. Wenye mashamba, waacheni wanyooke.

Haya, shusha redio.