Bei Huulizwa Kabla ya Kula

Leo tutazungumza juu ya kula katika hoteli kubwa.

Tuseme mvuvi ameuza migebuka yake mjini Kigoma. Ana njaa. Anaingia katika hoteli yenye vitambaa vya meza, anapewa karatasi ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza. Anaona haya kuuliza; anaonyesha kwa kidole tu. Analetewa mgebuka! Samaki ni yule yule wa ziwa letu, lakini bei imepanda mara nyingi, na nauli ya kurudi nyumbani imekwisha.

Je, ameibiwa? La. Ndani ya bei ile mna kodi ya nyumba, mishahara na mkaa. Kosa lake ni kunyamaza. Kuuliza si ujinga.

Nawe mama unayeuza ugali na dagaa waliopikwa kwa mawese, andika bei ukutani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Mteja aliyeaibika hagombi. Huondoka kimya, wala harudi.

Kazi ya juma hili: kila mmoja aandike vyakula vitano na bei zake, kisha ajumlishe. Kwaherini.