Nani hasa anarudi kortini mara ya pili?

Haya niliongea Jumamosi na vijana wa hapa Mukuru kwa Njenga. Wengi mmeniomba niyaandike, basi huu hapa uzi. Kama kawaida, hatutaji mwanasiasa wala chama.

1/ Kila msimu wa siasa kuna mtu hupanda jukwaani akasema: "Wakimbizi wakikataliwa wanakimbia kortini, wakishindwa wanarudi tena. Mahakama imefunga serikali mikono." Watu wanapiga makofi. Hebu tuipime hiyo kauli.

2/ Kwanza njia yenyewe. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2021, anayeamua ombi la hifadhi ni Kamishna wa Wakimbizi. Ukikataliwa, una siku 30 za kukata rufaa kwa kamati ya rufaa. Ukishindwa huko ndio unaenda Mahakama Kuu. Kuruka ngazi ni ngumu, manake sheria ya 2015 inayotekeleza Kifungu cha 47 cha Katiba inataka umalize njia za ndani kwanza.

3/ Na kesi ikishaamuliwa, imeamuliwa. Huwezi kuirudisha ileile, watu walewale, hoja zilezile. Hata Uingereza, ukishakataliwa, ombi lako la pili halihesabiki kama ombi jipya mpaka ulete jambo ambalo halikuangaliwa kabla na lenye uzito. Mlango wa kurudi upo, lakini ni mwembamba.

4/ Halafu mapitio ya mahakama si rufaa. Jaji hakai pale kuamua nani ni mkimbizi wa kweli. Anauliza: aliyeamua alikuwa na mamlaka? Alimsikiliza mtu? Alitoa sababu? Akipata kasoro, mara nyingi faili inarudi ofisini iamuliwe upya. Kwa hivyo mtu anaweza kushinda kortini na bado akakataliwa hifadhi, kihalali kabisa.

5/ Sasa shikeni hapa. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini wahamie kambini. Kituo cha Sheria kikaenda kortini, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo. Machi 2014 amri ya namna hiyo ikatolewa tena. Kesi ikafika kwa jaji yuleyule, na safari hii serikali ikashinda.

6/ Dadaab je? 2016 serikali ilitangaza kuifunga. Februari 2017 Jaji John Mativo akasema hilo ni kinyume cha Katiba. Machi 2021 UNHCR ikapewa siku 14 ilete mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Aprili Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda.

7/ Mmeona? Anayejaribu tena si mkimbizi peke yake. Serikali nayo inarudi, na 2014 inaonyesha kwamba ikijipanga inaweza kushinda. Mimi sioni ubaya hapo. Ubaya ni kumpigia kelele mmoja tu.

8/ Mtu akaniuliza, "Sasa sisi wa Njenga inatuhusu nini?" Inatuhusu sana. 2021 nyumba zilibomolewa hapa kupisha barabara. Mnajua wenyewe: tingatinga likishapita, hukumu nzuri ya baadaye haisimamishi ukuta. Mkimbizi naye akisharudishwa alikokimbia, hakuna rufaa itakayomfikia gerezani au kaburini. Ndio maana korti husimamisha kwanza, halafu ndio isikilize. Na Kifungu hicho cha 47 kinachomlinda ndicho unachokishika wewe ukiletewa notisi ya kuhama.

9/ Kuweka mipaka ni sawa. Siku ziwekwe, kesi za kupoteza muda zitupwe. Lakini ukisikia mtu anataka mlango ufungwe kabisa, muulize: ofisa akikosea, nani atamwambia? Akikosa jibu, hiyo kura yako usiharakishe kumpa.

Maswali tupieni hapa chini, nitajibu jioni nikitoka darasani.