Nchi Jirani: Msitu wa Mau na Maji ya Mto Mara

Katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya uko msitu wa kale uitwao Mau, wenye ukubwa wa kiasi cha hekta 400,000. Kamati maalumu iliyoundwa na Serikali ya Kenya iliripoti mwaka 2009 kuwa robo hivi ya msitu huo ilikwisha kupotea. Habari hizo zinaihusu Tanzania moja kwa moja. Mto Mara huanzia Mau, huvuka mpaka na kupita Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kaskazini mwa Serengeti, huo ndio mto unaotegemewa wakati wa kiangazi.

Husemwa mara nyingi kwamba msitu huleta maji. Kwa hakika msitu hunywa maji, tena mengi. Watafiti wa Afrika Mashariki walilipima jambo hilo Kericho, pembezoni mwa Mau, tangu mwaka 1958. Bonde moja liliachiwa msitu wake. Katika jingine sehemu ya msitu ilifyekwa ikapandwa chai. Mara baada ya kufyeka, maji ya kijito yaliongezeka. Chai ilipokomaa, tofauti ikawa ndogo. Lakini mashamba yale yalilindwa kwa matuta na mifereji, gharama ambayo mkulima mdogo wa mahindi mlimani haiwezi.

Faida ya msitu wa kale imo katika udongo wake. Majani yaliyooza na njia za mizizi huipokea mvua na kuiachia kidogo kidogo hadi kiangazi. Ardhi iliyofyekwa na kukanyagwa na mifugo hushikamana. Mvua hukimbilia mtoni siku ile ile pamoja na tope, na baadaye mto hudhoofu.

Tena, karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni iliyokusanywa kutoka hewani. Mwerezi wa miaka mia mbili ukichomwa makaa, sehemu kubwa ya akiba hiyo hurudi angani mara moja. Mche hauwezi kuirudisha katika umri wa aliyeupanda.

Hapo ndipo wanapoitwa wenye sare. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya iliondoa sehemu za Mau katika hifadhi, na waliopata ardhi hawakuwa maskini peke yao. Baadaye, hasa miaka ya 2009, 2018 na 2019, maelfu ya watu walihamishwa. Miongoni mwa walioondolewa msituni kwa nyakati mbalimbali ni Waogiek, wawindaji na warina asali wa tangu zamani. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao. Hoja ya kuhifadhi msitu ilikataliwa, kwani haikuthibitishwa kwamba wao ndio walioharibu Mau. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000, tena ardhi yao ipimwe na wapewe hati.

Novemba 2023, huko Narok, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena.