Maji ya Ardhini na Shimo la Mgodi

Shimo la mgodi wa wazi likishuka chini ya kina cha maji ya ardhini, maji huingia, na shinikizo lake ndani ya miamba huweza kuporomosha kuta. Ndiyo maana visima huchimbwa kulizunguka na pampu huvuta maji usiku na mchana. Kiasi cha kuvuta hukadiriwa kwa modeli ya kompyuta. MODFLOW, programu ya Shirika la Jiolojia la Marekani iliyotoka mwaka 1984, huigawa ardhi katika vijisanduku, kisha kanuni ya Henry Darcy ya mwaka 1856 hukokotoa mtiririko kutoka kimoja hadi kingine. Matokeo hulinganishwa na vina vya maji vilivyopimwa visimani. Ugumu uko kwenye mipasuko ya miamba: ufa mmoja uliosahauliwa waweza kuharibu hesabu nzima.

Kwa msikilizaji wa Siongiroi, Bomet, nchini Kenya, mfano wa karibu wa mgodi kama huo ni mgodi wa dhahabu wa North Mara, Tarime, Tanzania. Uko kaskazini mwa Mto Mara, unaotokana na Amala na Nyangores, mto unaopita mjini Bomet. Kwa kuwa kuvuta maji kwaweza kukausha visima vya jirani, modeli ya mgodi isiyoonyesha hatima ya visima vya wanakijiji haifai kupitishwa.