Madonge ya Biskuti ya Pasaka: Hayahitaji Oveni, Yanahitaji Hesabu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kabla ya Kwaresima)



Tumewaita leo kwa sababu ya swali ambalo limeletwa ofisini kwetu na zaidi ya kikundi kimoja. Mnauliza, tutengeneze kitu gani cha kuuza wakati wa Pasaka na hatuna oveni? Mandazi kila nyumba inapika. Keki zina wenyewe. Wengine wenu mmeona mjini, katika maduka makubwa, vile vitu vidogo vya mviringo vilivyovikwa chokoleti, vimepangwa ndani ya boksi kama mayai, mkasema, "Hata sisi tunaweza." Ni kweli, mnaweza. Lakini pesa mnazotaka kuanza nazo ni za kikundi. Ni pesa za mzunguko, na mwisho wa mwezi wa nne, muhula wa pili ukifunguliwa, kila mzazi atakuja kuziomba. Kwa hivyo leo tutaongea habari za sufuria na habari za daftari pamoja.

Tutaviita madonge ya biskuti. Kuna aliyependekeza "vidonge", tukakataa, maana mteja atafikiri ni dawa ya malaria.

Donge ni biskuti iliyopondwa, ikashikanishwa na kitu kitamu chenye kunata, ikaviringwa kwa viganja, kisha ikachovywa ndani ya chokoleti iliyoyeyushwa. Hakuna kuoka. Biskuti ilikwisha kuokwa kiwandani. Kazi ya moto hapa ni kuyeyusha chokoleti tu, na mkebe mmoja wa makaa unatosha.

Hicho kitu cha kunata ndicho chenye maneno. Katika nchi za Ulaya na Marekani wengi hutumia jibini laini nyeupe, ile ya kupaka mkate. Sisi tunawaambia wazi, achaneni nayo. Jibini hiyo ni lazima ikae ndani ya friji kabla na baada, na vikundi vyenye friji ni vichache, tena stima yetu mnaijua. Tumieni maziwa mazito ya mkebe yenye sukari. Hayo yamepunguzwa maji na kutiwa sukari nyingi, na sukari hiyo ndiyo inayozuia vijidudu visizaane upesi. Msije mkadanganyana kutia maziwa ya ng'ombe ili kuokoa shilingi. Yana maji mengi, donge litalegea, na siku ya pili litakuwa limechacha.

Kipimo cha kuanzia ni hiki. Gramu 250 za biskuti za chai, zile za kawaida zisizo na krimu katikati. Mkebe mmoja wa maziwa mazito, karibu gramu 400. Vijiko vikubwa vitatu vya unga wa kakao. Kikombe kimoja cha nazi iliyokaushwa, au njugu karanga zilizokaangwa na kupondwa. Halafu gramu 250 za chokoleti ya kupikia kwa ajili ya kuchovya. Mtapata madonge kama 38, kila moja ukubwa wa kiini cha yai lililochemshwa.

Biskuti zipondwe mpaka ziwe kama unga wa mahindi uliosagwa kwa kinu cha kijiji, usio laini sana. Kama mnatumia kinu cha mbao, kiwe ni kisafi na kikavu. Kinu kilichoponda kitunguu saumu jana, tafadhali kibaki nyumbani. Changanyeni vitu vikavu kwanza, kisha mmimine maziwa kidogo kidogo. Funikeni, muache kwa muda wa saa moja ili biskuti inywe yale maziwa. Hapo wengi hukosa subira, wanaona mchanganyiko umelegea wanaongeza biskuti, na baada ya saa moja umekuwa mgumu kama udongo. Subirini kwanza. Ukiwa bado unanata sana ndipo muongeze biskuti kidogo. Ukivunjika, ongezeni kijiko cha maziwa. Pakeni viganja mafuta kidogo mnapoviringa.

Kuhusu nazi, ni ile iliyokaushwa, si nazi mbichi iliyokunwa asubuhi. Nazi mbichi ina maji na huchacha haraka.

Kuhusu karanga tusimame kidogo. Karanga zinapatikana hapa kwetu na bei yake ni nafuu, kwa hivyo wengi mtazichagua. Lakini karanga zilizopata unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Mnakumbuka mwaka 2004 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Kukaanga hakuiondoi. Kuponda na kuchanganya na kakao kunaificha tu, na huko ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa mlaji hataona rangi wala kusikia uchungu. Chagueni karanga moja moja kabla ya kukaanga. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, itupwe, na asipewe kuku wala mtoto. Tena mwambieni kila mnunuzi kwamba ndani kuna karanga. Wako watu ambao karanga huwafurisha mdomo na kuwaziba pumzi.

Sasa chokoleti. Hapa ndipo pesa ilipo, na hapa ndipo inapopotea.

Someni karatasi kabla ya kulipa. Kuna chokoleti iliyotengenezwa kwa mafuta ya kakao yenyewe, na kuna ile ambayo mafuta hayo yametolewa yakawekwa mafuta mengine ya mimea. Ya kwanza ni tamu zaidi na ni ghali. Tena ina maringo yake. Ukiiyeyusha bila kuipoza kwa utaratibu maalumu, inakauka ikiwa na madoa meupe, haing'ai, na inayeyuka mkononi, kwa maana mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la chini kidogo kuliko joto la mwili wa mtu. Ya pili, ile ya mafuta ya mimea, inakauka yenyewe bila taabu na nyingi zake huvumilia joto zaidi. Kwa kikundi kinachoanza, sisi tunashauri hii ya pili. Wataalamu wa mahoteli watatucheka, lakini wao wana vyumba vya baridi.

Chemsheni maji kidogo ndani ya sufuria, muiondoe motoni, kisha muweke bakuli juu yake, chini ya bakuli pasiguse maji. Chokoleti iliyokatwa vipande vidogo iwekwe ndani ya bakuli, ikorogwe polepole. Msiiweke moja kwa moja juu ya jiko la makaa, itaungua chini kabla ya juu kuyeyuka. Na jihadharini na maji! Tone moja la maji, au mvuke unaorudi kutoka kwenye mfuniko, hufanya chokoleti ishikane ghafla iwe kama ugali wa mchanga. Ikifika hapo haivishiki donge tena. Inaweza kuchanganywa na maziwa moto mkanywa nyinyi wenyewe, lakini kwa biashara imekwisha. Basi mwiko uwe mkavu, bakuli kavu, mikono mikavu, na yule anayeosha vyombo akae mbali na meza hiyo.

Donge lichovywe kwa uma, liinuliwe, uma ugongwe ukingoni mwa bakuli ili chokoleti iliyozidi idondoke, ndipo liwekwe juu ya karatasi iliyopakwa mafuta. Ule mgongo wa uma ni pesa. Asiyegonga uma anatumia chokoleti karibu mara mbili. Na kama mlikuwa na friji mkayapoza madonge, yaacheni nje kidogo kwanza. Donge la baridi sana likiingia kwenye chokoleti ya moto, ganda hupasuka.

Wale wa Limuru na Nyahururu joto haliwasumbui. Wale wa Kitui, Homa Bay na Malindi, chovyeni alfajiri kabla ya jua. Tumeulizwa kama kabati la makaa lenye kuloweshwa maji, lile tulilofundishana la kuhifadhi mboga, linaweza kusaidia. Wakati wa kiangazi, ndiyo. Lakini Pasaka mara nyingi huangukia mvua za masika, na hewa ikiwa imejaa unyevu maji hayakauki upesi, kwa hivyo kabati halipoi sana. Tena unyevu huo hulowesha sukari. Ni afadhali chumba chenye kivuli na hewa, na madonge yamefunikwa nzi wasiyaguse. Bila friji, yauzwe na kuliwa ndani ya siku tatu. Msiweke ya wiki nzima.

Hivyo ratiba ni lazima ipangwe kwa kalenda. Pasaka haina tarehe moja. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili, mwaka 2026 ni tarehe 5 Aprili, na mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi. Kununua biskuti na maziwa kufanywe wiki moja kabla. Ijumaa Kuu hatufanyi kazi hiyo, na wenye kufunga hawawezi kuwa wakionja chokoleti (tunawajua). Viringeni Jumamosi asubuhi, mchovye jioni kabla ya kesha, muuze Jumapili baada ya Misa. Wengine hupenda kuyaviringa kwa umbo la yai. Ni sawa, kwa maana huko Ulaya ya zamani Wakristo hawakula mayai wakati wa Kwaresima, na siku ya Pasaka mayai yalirudi mezani kwa shangwe.

Mama mweka hazina, fungua daftari. Huu ni mfano tu, bei za kwenu mtaziandika wenyewe. Tuseme vifaa vya kipimo kile kimoja ni shilingi 960. Nauli ya kwenda mjini 120. Makaa 50. Karatasi na boksi 70. Jumla ni shilingi 1,200. Madonge ni 38. Wengi hapa wangegawanya 1,200 kwa 38 wapate shilingi 32 hivi, halafu waseme, tukiuza 40 tuna faida nzuri. Lakini mawili yalivunjika kwenye uma. Na manne? Manne yalionjwa, na mtoto wa mwenye nyumba akapewa. Yaliyofika sokoni ni 32. Gawanyeni tena: kila moja limegharimu shilingi 37 na nusu. Mkiuza kwa 40 mtapata shilingi 1,280, faida 80. Mama wanne wamefanya kazi saa tatu, kila mmoja ni shilingi 20. Hiyo hata kupalilia shamba la jirani kunalipa zaidi.

Mkiuza kwa 55, mtapata 1,760, faida 560, na kila mmoja 140. Sasa swali ni nani atakayelipa 55. Si mtoto anayenunua mandazi la shilingi kumi njiani. Mnunuzi wenu ni mwalimu, muuguzi, mwenye duka, mtu wa mjini aliyerudi nyumbani kwa sikukuu na anataka kumpelekea shangazi yake zawadi. Huyo hanunui moja, hununua boksi la sita au la kumi na mbili. Kwa hivyo tembeeni kwake mwezi mmoja kabla, mchukue oda na nusu ya pesa. Pesa hiyo ya oda ndiyo inunue chokoleti. Kikundi kisitoe mtaji wa mikopo kununua vitu ambavyo havijapata mwenyewe.

Kwa watoto, kuna njia nyingine. Viringeni madonge madogo, nusu ya ukubwa ule, msiyachovye kabisa, muyagaagaze kwenye nazi au unga wa kakao. Au chovyeni upande mmoja tu. Chokoleti ndiyo ghali kuliko vyote, na bei yake haitulii. Kakao nyingi ya dunia hutoka Kodivaa na Ghana, na mwaka 2024, baada ya mavuno kuharibika huko, bei katika masoko ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana. Mvua ikikosekana Afrika Magharibi, kikundi chenu hapa kinalipa. Basi ulizeni bei dukani kabla ya kumtajia mteja bei yenu.

Mambo ya serikali kwa ufupi. Kabla ya kuuza chakula kwa watu, nendeni kwa afisa wa afya wa eneo lenu, awaeleze habari za vyeti vya wanaoshika chakula na leseni ya kaunti. Kuuza baada ya Misa bado ni kuuza. Mkitaka kupeleka dukani kwenye pakiti yenye jina lenu, ni lazima mpate alama ya ubora ya KEBS, na hilo halimalizwi kwa wiki mbili, msilikimbilie mwaka huu. Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo boksi la karatasi, na kitambaa safi juu yake.

Kila kikundi kitengeneze kipimo kimoja wakati huu wa Kwaresima, kimoja tu, mkiandika kila shilingi na kila donge, hata lililoliwa. Mje na daftari hilo mkutano ujao tulisome pamoja kabla hamjachukua oda yoyote.

Maji na sabuni viko pale mlangoni. Waliokuja na biskuti waziweke juu ya meza hii, na mwenye uma wa miguu mirefu atuazime.