Pembe ni Daftari la Malisho



Kondoo wa mwitu wa milima ya Marekani huongeza pete ya pembe kila mwaka. Majani yakiwa mengi na mazuri, pete huwa pana. Yakiwa haba, huwa nyembamba. Maana chakula huutunza mwili kwanza, na kinachosalia ndicho kijengacho pembe.

Si mbali na Awendo, katika bonde la Lambwe, yako makao ya mwisho ya swala wakubwa waitwao korongo katika Kenya. Bonde hilo lilitengwa mwaka 1966, na mwaka 1983 likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Askari humlinda korongo na majangili. Lakini majani yake yakiteketezwa ovyo kwa moto, atajengea nini mwili na pembe zake?